Matonge ya Bundi kwenye Ungo Wangu

Mwaka wenyewe siukumbuki kwa tarakimu, naukumbuka kwa sufuria. Ni mwaka tuliokula unga wa njano. Mahindi ya msaada yalishuka bandarini, yakasagwa, na kila nyumba Kariakoo ikapika ugali wa rangi ya kiini cha yai. Ukiwa wa moto unavumilika. Ukipoa unakakamaa kama kandambili, na ukiulaza mpaka asubuhi unaweza kumpigia mtu akavimba. Tuliula na dagaa, tukaula na mchicha, tukaula na chumvi peke yake. Siku zisizo na unga tulikula bulga, ile ngano iliyopondwa, ambayo shangazi yangu alisema ni chakula cha farasi kilichokosea nyumba. Chai tuliinywa kavu na tende moja: unaing'ata kidogo, unakunywa, inayobaki unaiweka kwa kikombe cha pili. Sukari ilikuwa na foleni yake dukani, na kwenye foleni hiyo watu hawakusimama, waliweka mawe. Kila nyumba na jiwe lake. Jiwe letu lilikuwa limevunjika pembe, na kuna siku jiwe la jirani lilitupita, ikawa ugomvi wa mtaa mzima.

Mchele ndio haukuwepo, na mchele ndio uliokuwa kazi yangu. Tulikuwa wanawake sita kwenye ghala la Baba Swalehe, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyezaliwa hapahapa Kariakoo na kusema Kiswahili kutushinda sisi. Tunakaa chini kwenye mikeka, kila mtu na ungo wake, tunapepeta na kuchambua: pumba huku, chuya huku, mawe huku. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikomea darasa la nne, lakini vidole vyangu vilikuwa na elimu yao. Baba Swalehe alikuwa akiwaambia wateja, "Huu ni mchele wa mkono wa Zuhura. Kula hata kama una meno ya bandia, hutasikia jiwe." Siku moja alininong'oneza nirudishe kokoto kidogo kwenye gunia la mteja aliyemuudhi. Nikamwambia atafute mikono mingine. Akacheka mpaka akakohoa. "Binti, kichwa chako kigumu kuliko hizo kokoto." Basi mwaka ule ghala likawa tupu, akatuambia turudi nyumbani mpaka Mungu atakapofungua, nami nikarudi na ungo wangu kwapani.

Haya nayaandika kwa sababu Theresia amefariki. Nilikwenda kwenye mazishi yake, nikakaa kiti cha mbele na kanga zangu mpya, na watu wakasimama mmoja mmoja kumsifu: profesa, mtafiti, mama wa misitu. Kijana mmoja mwenye suti akasoma kwenye karatasi kwamba miaka ya mwanzo marehemu alikuwa na mama mmoja wa Kariakoo aliyemsaidia kusafisha mifupa. Kusafisha! Nilitaka kusimama palepale, ila mjukuu wangu alinishika mkono. Sikusafisha mimi. Nilichambua. Anayesafisha anaondoa uchafu tu, anayechambua anajua kitu gani ni kitu gani. Baada ya matanga, binti wa Theresia, Neema, akanifuata na daftari. "Shikamoo Bibi. Tunatengeneza kitabu kidogo cha kumkumbuka mama. Hakuna anayeujua mwaka ule kama wewe. Utuandikie." Nikamwambia marahaba mwanangu, nitaandika, lakini nitaandika vilevile ilivyokuwa. Akasema ndivyo anavyotaka.

Theresia alikuja nyumbani kwetu akiwa na mabegi matatu na suruali. Suruali ndiyo iliyoongelewa. Nyumba ya shangazi ilikuwa ile ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba sita, uani jiko na choo, na kila chumba familia. Yeye akapanga chumba cha uani, kidogo, kilichokuwa stoo ya mkaa. Alikuwa mtu wa Moshi, amenizidi miaka sita au saba, amesoma mpaka chuo kikuu, na hakuwa na mume wala haraka naye. Alisema ofisini kwao hawataki kazi yake ndani kwa sababu ya harufu. Shangazi akamuuliza ni kazi gani hiyo ya harufu, akajibu, "Bundi." Shangazi akashika kidevu. Kwetu bundi akilia juu ya bati watu wanaanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa. "Mwanangu," akamwambia, "kodi yako nimeshaipokea, siwezi kukufukuza. Lakini jina hilo usilitaje humu ndani baada ya magharibi." Theresia akakubali, na kweli, usiku alikuwa akisema "yule bwana."

Wiki ya kwanza ya kukosa kazi nilimkuta uani asubuhi amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mbele yake karatasi, mkononi kibano kidogo cha chuma kama cha kunyonyolea nyusi. Anachokoa kidude cheusi.

"Dada Tere, unatafuta nini humo?"

"Alichokula bundi."

"Kwani mwenyewe hasemi?"

"Anasema. Anasemea huku." Akaninyooshea kile kidude.

Akanieleza. Bundi hatafuni. Anammeza panya mzima, kama mtu anayemeza tonge. Nyama inakwenda tumboni, na mifupa na manyoya anayatapika baadaye yakiwa yamefungamana, makavu, kitu cha ukubwa wa tende nene. Chini ya mti wake vinarundikana. Ukivichambua unajua anakula nini, unajua msitu una wanyama gani, unajua kama msitu ni mzima au unakufa. Mimi papo hapo nikaviita matonge, na mpaka anakufa Theresia aliviita matonge, hata mbele ya Wazungu. Kibano chake kilikuwa kinamchosha. Tonge moja lilimchukua saa nzima, na gunia lilikuwa limejaa chumbani.

"Nipishe," nikamwambia.

Nikaleta ungo wangu wa ghalani. Nikayavunja matonge kumi kwa vidole, polepole, nikayaanika kwenye jua hadi yakawa makavu kabisa, kisha nikasimama upande wa upepo nikapepeta. Manyoya yakapaa, mifupa ikabaki. Nikatikisa: mizito ikaja kwangu, miepesi ikakaa ukingoni, mabawa ya wadudu yakajitenga yenyewe. Nikaketi nikaanza kuigawa: taya huku, mafuvu huku, miguu huku. Theresia alikuwa amesimama na kibano chake mkononi kama mtu aliyeshika kijiko msibani asijue sufuria iko wapi.

"Nani amekufundisha?"

"Mchele."

Kosa nililofanya siku hiyo ni la upepo. Nilimwangalia Theresia, sikuangalia majiko. Yale manyoya yalivuka ua, yakatua kwenye mchicha wa Mama Kibwana, mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke wa sauti.

"Zuhura! Mchicha wangu mbona una ndevu?"

"Samahani, Mama Kibwana."

"Samahani baadaye. Hizi ndevu za nani?"

Ningeweza kusema ni vumbi. Nikasema, "Za panya. Lakini bundi ameshamla."

Alichosema Mama Kibwana sitakiandika, wajukuu zangu watasoma. Kumwaga mboga mwaka ule ilikuwa dhambi, kwa hiyo aliuosha mchicha maji matatu, akaupika upya, akaula, na hakusema nami wiki tatu. Ila na wengine alisema. Jioni nilikuwa chumbani nikimsikia ukumbini na wenzake, mlango wenyewe pazia tu.

"Ungo. Bundi. Na msichana mkubwa wa suruali hataki kuolewa. Mnangoja nini tena? Mnangoja apae?"

"Akipaa apitie Nairobi," akajibu mwingine, "atuletee sukari na sabuni."

Wakacheka mpaka na mimi nikacheka, wakanisikia, wakanyamaza. Kesho yake nikahamia kona ya nyuma ya choo, upepo unakokwenda uchochoroni, na nikampa Mama Kibwana tende zangu za siku mbili. Alizichukua bila kunitazama. Shangazi aliniita pembeni. Nilijua atanikataza. Akauliza, "Hao panya unaotoa mifupa yao, wanakula mahindi ya watu?" Nikasema ndiyo. "Na huyo bwana anawala?" Nikasema kila siku. Akamtazama paka wetu, aliyekuwa amelala juu ya gunia tupu. "Basi amemzidi huyu."  Ila ungo wa jikoni aliuficha, nisije nikauchanganya na wangu.

Mwezi wa pili nikamwambia Theresia siwezi kuendelea kuchambua makombo ya bwana nisiyemjua. Akanichukua. Tulipanda lori la mkaa linalorudi tupu upande wa Pugu, tukafika tumekuwa weusi sisi wenyewe kama mkaa. Msitu wa huko si msitu wa kutisha. Ni mwembamba, umeliwa pembeni, unapita dakika kumi unakutana na kisiki, dakika kumi nyingine kisiki. Katikati ulibaki mvule mmoja mkubwa wenye shimo juu, mahali tawi lilipokatika. Theresia akanionyesha kwa kidevu. Nikamwona. Kahawia, kichwa cha mviringo kama chungu, macho meusi yaliyolala nusu. Mchana mweupe, anatutazama kama mama mwenye nyumba anavyomtazama mtu anayeuliza chumba wakati nyumba imejaa. Nisiseme uongo, nilisoma kila sura ninayoijua. Kisha akafumba macho, akaendelea na usingizi wake, nami nikajisikia mjinga. Ndani ya lile shimo kulikuwa na kinda. Theresia akanieleza kwamba bundi hawa hawajengi kiota, wanahitaji shimo la mti mzee, na miti mizee imekwisha kwa mkaa. Hilo nililielewa haraka. Mtu wa Kariakoo anajua maana ya kukosa chumba. Shimo likikosekana hakuna mtoto, na bundi wakizeeka bila watoto msitu ule hautakuwa na bundi tena.

Tatizo lilikuwa kijijini. Kuna watu waliutaka ule mvule, na walikuwa wamepata sababu. Bundi ni mkosi, na bundi anakula kuku. La mkosi Mzee Kondo, mwenyekiti wa kijiji, alilicheka. La kuku hakulicheka, kwa sababu mwaka ule kuku alikuwa hazina. Na kulikuwa na mjane mmoja, Bi Siwema, mwembamba, sauti ya chini, aliyesimama mbele ya watu siku ile ile tuliyofika akasema, "Mimi vifaranga vyangu vimechukuliwa. Nimemwona kwa macho yangu akitua." Theresia alikuwa na haraka, na aliyesoma akiwa na haraka ana kosa lake. Akamjibu mbele ya kijiji kizima, "Mama, hapana. Aliyevichukua ni kicheche. Bundi hawa hawali kuku, umeona vibaya." Bi Siwema akaketi. Watu wakaguna. Wenye shoka wakapiga kelele, wanataka ushahidi. Ndipo Theresia akasema neno ambalo nililisikia likitoka na nikatamani kulirudisha kwa mkono: "Nitaokota kila tonge chini ya mti ule mpaka mkutano ujao. Nitaleta mifupa yote hapa. Mkikuta mfupa hata mmoja wa kuku, mti kateni."

Mzee Kondo akauliza mara mbili kama amesikia vizuri. Akaambiwa amesikia vizuri. Mkutano ukawekwa mwezi unaofuata, baada ya mvua.

Mvua zile nilifanya kazi ukumbini kwa ruhusa ya shangazi, mlango wa mbele wazi na wa nyuma umefungwa ili upepo ujue pa kutokea. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilijua taya ya panya buku na taya ya panya wa shambani bila kutazama, kwa kuipapasa na kidole. Nilimjua kipanya mwenye pua ndefu kwa meno yake yaliyochongoka. Theresia alikuwa na vitabu vyenye michoro, akawa ananiuliza mimi kwanza, kisha anafungua kitabu kuhakikisha, na mwisho akaacha kufungua. Nilikuwa naweka taya kwenye kibaba, kile kikopo cha kupimia nafaka, kwa kuwa nilitaka watu wa kijiji waone kwa kipimo wanachokijua. Kibaba kilijaa, nikaanza cha pili. Wanaume wa mtaani wakipita mlangoni walisimama kutazama. Hata Baba Swalehe alikuja, na bakora yake na harufu yake ya udi, akachungulia kibaba.

"Hawa wote wamekula mahindi?"

"Wote, Baba Swalehe."

"Huyo ndege wenu anakubali kufanya kazi ghalani?"

Mama Kibwana naye alikuwa amesharudi kusema nami. Alikuwa akikaa mlangoni kwake anasuka ukili, ananiuliza, "Mpaka sasa hakuna kuku?" Namjibu hakuna. "Endelea," anasema, kama vile ndiye aliyenituma. Nyumba nzima ilikuwa inamshabikia bundi, watu waliokuwa wanaogopa kutaja jina lake.

Siku ya mkutano tulitakiwa kuondoka saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimebakiza matonge machache ya mwisho. Nikayavunja alfajiri, nikayapepeta, nikaketi na kikombe changu cha chai kavu. Kidole kikagusa kitu laini. Nikakivuta. Ni mguu, mdogo, wa njano uliofifia, una magamba na kucha. Ndege wa msituni nimeshawaona wengi humo, nikataka kuuweka upande wa ndege. Lakini ulikuwa na uzi. Uzi mwekundu, umezungushwa mara mbili, umefungwa fundo. Mtu yeyote aliyefuga kuku uani anajua uzi huo. Kuku wa nyumba mbili wakichanganyika, unawatambua kwa uzi mguuni: wangu mwekundu, wako wa bluu. Hakuna ndege wa msituni anayefungwa uzi.

Nikaweka kikombe chini. Theresia akaingia kutoka chumbani kwake uani na begi begani, amevaa gauni kwa ajili ya mkutano, mara ya kwanza kumwona na gauni. Akauona mkononi mwangu. Hakuuliza ni nini. Aliketi chini, palepale kwenye sakafu ya udongo, na gauni lake.

"Ni mmoja tu?"

"Mmoja tu."

 Paka akaja akanusa ungo, nikamfukuza. Kisha Theresia akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura. Taya za panya ziko ngapi humo?"

"Kibaba na nusu."

"Kibaba na nusu. Na kifaranga kimoja. Wewe mwenyewe unaona ukweli uko upande gani."

"Naona."

"Basi huo utoe. Hautabadilisha ukweli. Utaua mti tu. Yule kinda hajaweza hata kuruka, Zuhura. Watapiga shoka leo leo jioni, naye yumo."

Msinione nilikuwa shujaa.  Nilimwona kinda kama namwona hivi sasa. Na choo kilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa uani, mfupa wenyewe mdogo kama njiti ya kiberiti, nani angejua? Lakini maisha yangu yote nilikuwa nimetoa vitu kwenye ungo. Najua ninachokitoa na najua kwa nini. Natoa kisicho cha mle. Ule mguu ulikuwa wa mle. Bundi alikula kifaranga kile, na kifaranga kile kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alisimama mbele ya watu akasema kweli akaambiwa ameona vibaya.

"Mfupa huo siutoi," nikamwambia.

"Zuhura, mimi ndiye niliyekupa kazi hii."

"Ndiyo. Ukitaka kuutoa, mkono wako upo. Ungo ni wangu, mkono wangu hautoi."

Alinitazama kwa hasira ya kweli. Nilidhani atanipiga. Mama Kibwana alikuwa amefungua pazia, amesimama na mswaki mdomoni, amesikia yote. Hakusema kitu, mara ya kwanza katika maisha yake. Theresia alinyoosha mkono mpaka ukafika juu ya ungo, ukakaa hapo. Kisha akaurudisha, akajifuta uso na pindo la gauni, akasema tutachelewa lori.

 Kijijini watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi ya mwenyekiti, na watatu walikuja na mashoka kabisa, wameyaegemeza ukutani. Nikatandika kanga chini, nikaweka ungo. Nikamwaga kibaba na nusu cha taya kwenye ungo, watu wakasogea, wakawa wanasema lo. Nikawaambia hizi ni za panya wa mashamba yenu, kila panya taya mbili, fikirieni wenyewe wangekula nini kwenye vihenge vyenu. Wakafikiri. Kisha nikafungua pindo la kanga, nikaweka pembeni ya ungo ule mguu, peke yake, na uzi wake. Nikasema, "Na huu."

Mwenye shoka mmoja akaruka. "Ahadi! Ahadi ilikuwa hata mmoja!"

Mzee Kondo akainua mkono. Bi Siwema alikuwa amesogea kutoka nyuma, watu wakimpisha. Akainama, akauokota ule mguu, akauweka kiganjani. Akaugeuza. Akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Uzi wangu. Nilichomoa kwenye kikoi cha marehemu."

Theresia akapiga magoti. Sijasema aliinama, nasema alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake, mtu wa chuo kikuu, mbele ya watoto na mbele ya wenye shoka. "Mama, nilikwambia umeona vibaya. Uliona vizuri. Nisamehe. Na leo asubuhi nilitaka kuuficha mfupa huu. Huyu ndiye aliyekataa." Hakuna aliyemlazimisha kulisema hilo la mwisho. Angeweza kulimeza, nisingemsema.

Bi Siwema alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama ungo. Akamwambia Mzee Kondo, "Ahadi alimpa nani?"

"Alitupa sote, Siwema."

"Mwenye kuku ni nani?"

"Wewe."

"Basi mimi nasema hivi. Waliotoka mjini na mguu wa kifaranga changu, na choo cha kuutupa wanacho, panya wao nawaamini. Vifaranga nitavifunika tenga jioni, nilikuwa mvivu. Mti uacheni." Akafunga ule mguu kwenye pindo la kanga yake, akaondoka nao. Wenye mashoka walibishana na Mzee Kondo mpaka saa kumi, na saa kumi wakayabeba mashoka yao wakaenda. Mvule upo. Mwaka juzi mjukuu wangu anayesomea mambo ya misitu alinipeleka kwa gari, na shimo lina wenyewe.

Theresia na mimi tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya pale, yeye na vitabu, mimi na ungo, na wanafunzi wake nimewafundisha kupepeta kwa makundi. Hatukuizungumza tena ile asubuhi. Hakukuwa na haja, alikuwa ameshaisema yeye mwenyewe mahali penye watu.

Juzi Neema alikuja kuchukua daftari. Nilimkaribisha pilau, akala vizuri, akanawa, akasoma palepale kwenye kochi, simu yake ikiita haipokei. Alicheka alipofika kwa Mama Kibwana. Alilia kidogo. Kisha akarudi nyuma kurasa mbili, akaweka kidole.

"Bibi, ni nzuri sana. Ila hapa. Mama anapokuomba uutoe mfupa."  "Watasoma wanafunzi wake, watasoma watu wa wizarani. Wengine watashika hilo tu. Si tungesema mfupa ulipatikana, mkaupeleka? Ukweli unabaki uleule."

"Mama yako alilisema mwenyewe, kwenye vumbi, mbele ya mashoka."

"Najua, Bibi. Lakini sasa hayupo wa kujitetea."

"Hana la kujitetea. Ukitoa hiyo asubuhi, magoti aliyopiga yatakuwa ya nini?"

Akafunga daftari, akalishika kifuani. Ana macho ya mama yake, mtoto yule, na kuomba kwa sauti ya chini vilevile. "Mistari michache tu, Bibi. Nakuomba."

Nilimpenda Theresia kuliko ndugu zangu wengi. Nikamshika Neema mkono, nikamwambia:

"Mfupa huo siutoi."